Paa la Nyasi na Kuzaliwa kwa Usharika: Makanisa Madogo ya Mbeya na Iringa



Historia ya Ukristo katika Nyanda za Juu Kusini tumezoea kuisimulia kwa vituo vya misheni. Mwaka 1891 Wamoravian wakiongozwa na Theodor Meyer walifungua Rungwe, chini ya mlima wenye jina hilo. Mwaka huohuo Misheni ya Berlin, chini ya Alexander Merensky, iliingia Unyakyusa, ikajenga Manow na Mwakaleli, kisha ikapanda Ukinga na Ubena hadi Bulongwa, Tandala, Kidugala, Lupembe na Ilembula. Upande wa Uhehe, Wabenediktini walifika Tosamaganga mwishoni mwa miaka ya 1890, si mbali na Kalenga, ngome ya Mkwawa iliyoangushwa na Wajerumani mwaka 1894. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia wakaja Wakonsolata kutoka Italia. Masimulizi haya ni ya kweli, na majengo ya matofali yaliyobaki katika vituo hivyo yanayashuhudia. Lakini wakristo wengi wa Mbeya na Iringa, hata tukihesabu Njombe iliyofanywa mkoa mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016, hawakuipokea imani chini ya paa la kituo. Waliipokea kijijini, katika kanisa dogo la miti, udongo na nyasi, lililoitwa mtaa na Walutheri na kigango na Wakatoliki, na ambalo siku za kazi lilikuwa shule. Hoja yangu leo ni kwamba jengo hilo dogo halikuwa kibanda cha kusubiria kanisa la kweli. Lenyewe ndilo lililoufanya usharika uwe usharika, na lililiweza hilo kwa sababu lilikuwa jengo lisilodumu.

Msikilizaji makini atauliza mara moja: jengo lisilodumu litatoa ushahidi gani? Kanisa la nyasi la mwaka 1905 limekwisha kuliwa na mchwa, halina jiwe la msingi, na pengine mahali pake sasa pana shamba la mahindi. Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa kwa kubuni makanisa ambayo hayajulikani. Nitatumia ushahidi wa aina tatu. Wa kwanza ni ujenzi wenyewe, kwa maana kazi ya kuezeka ina kanuni ambazo hazibadiliki kwa matakwa ya msimuliaji. Wa pili ni yale yaliyotokea wamisionari walipoondolewa kwa nguvu. Wa tatu ni makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe bila misheni yoyote nyuma yao.

Tuanze na ujenzi, na kwanza tuondoe dhana moja iliyoenea, kwamba kanisa la nyasi lilikuwa ni nyumba ya asili iliyotiwa msalaba. Uhehe haikuwa hivyo hata kidogo. Nyumba ya Mhehe ilikuwa tembe, yenye kuta nene na paa bapa la udongo lililolazwa juu ya boriti. Unyakyusa kulikuwa na nyumba za mianzi zilizojengwa kwa ustadi mkubwa, nyingine za msonge na nyingine ndefu, na msafiri Mskoti Joseph Thomson, aliyepita huko mwaka 1879, aliusifu unadhifu wake waziwazi. Kanisa halikuwa tembe wala msonge. Lilikuwa jengo la pembe nne, refu kuliko nyumba nyingi za kijiji, lisilo na vyumba, paa lake la mgongo wa tembo, mlango ukiwa upande mmoja na meza ya Bwana upande wa pili. Umbo hilo lilikuwa jipya kwa mwanakijiji, lakini vifaa na mikono ya kulijenga vilikuwa vyake. Mmisionari aliyejua jengo linavyotakiwa kukaa hakujua ni mti gani wa msitu ule hauliwi upesi na mchwa, wala ni nyasi ipi hustahimili mvua. Mzee wa kijiji alilijua hilo, lakini hakuwa amewahi kuezeka paa refu namna ile. Kanisa la kwanza la kijiji lilikuwa kazi ambayo hakuna upande mmoja ulioimiliki peke yake.

Tuitazame kazi hiyo kwa karibu. Nguzo za mti mgumu zilikatwa, na ncha za chini mara nyingi zikababuliwa kwa moto ili mchwa wachelewe. Juu ziliachwa na panda za kupokea mwamba. Juu ya mwamba zikaja nguzo za paa, kisha fito za miti au mianzi zikafungwa kwa kamba za magome. Kuta zilijazwa udongo na kukandikwa ndani na nje, kazi iliyohitaji maji mengi kutoka mtoni, na maji hayo kwa kawaida yalifika kichwani kwa mwanamke. Nyasi zilikatwa wakati wa kiangazi, baada ya mvua za masika kwisha na kabla moto wa nyika haujapita, zikakaushwa na kufungwa vitita. Mwezekaji alianza upenuni, akapanda safu kwa safu, kila safu ikifunika fundo la safu iliyo chini yake, mpaka akafika kwenye mgongo wa paa, mahali penye kazi ngumu kuliko zote, maana hapo ndipo maji hupenya kwanza. Mteremko wa paa ulipaswa kuwa mkali. Eneo la Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na paa lililolala huko haliwezi kuona masika ya pili likiwa zima.

Sasa tufikie jambo ambalo kwangu ni kiini cha historia hii. Nyumba ya mwanakijiji iliyoezekwa kwa nyasi ilikuwa na jiko ndani. Moshi wa kuni ulipanda kila jioni, ukazikausha nyasi na fito, ukawafukuza wadudu, na paa likawa jeusi na imara. Kanisa halikuwa na jiko. Hakuna aliyelala humo wala aliyewasha moto humo, basi paa lake lilinyonya unyevu bila kukaushwa, na mdudu akatoboa bila kusumbuliwa. Kwa hiyo nyumba ya ibada, ambayo watu waliiheshimu kuliko nyumba zao, ndiyo iliyooza upesi kuliko nyumba zao. Ilipasa kuezuliwa na kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na katikati ya hapo kuzibwa kila mwaka. Kila kiangazi, mavuno yakiisha, usharika ulikuwa na deni la nyasi.

Deni hilo lilifanya nini? Lilidai utaratibu. Lazima ijulikane kila kaya italeta vitita vingapi na nani amesamehewa kwa ugonjwa au uzee. Lazima awepo wa kuamua iwapo nyasi zitakatwa mbugani kwa jumbe fulani au ng'ambo ya mto, na wa kwenda kumwomba huyo jumbe hata kama si mkristo. Lazima mafundi wapate chakula, na yule aliyeleta vitita vyembamba aambiwe bila kufukuzwa. Mambo haya ndiyo uongozi wa usharika. Wazee wa kanisa, ambao Wamoravian na Walutheri waliwategemea sana, hawakufunzwa uzee kwa kitabu cha kanuni peke yake. Walifunzwa kwa kazi iliyorudi kila kiangazi, iliyoonekana na wote, na ambayo kushindwa kwake kulijulikana mvua ya kwanza ilipomdondokea mwalimu akiwa anasoma. Na katika kazi hiyo mchango wa mjane haukuwa mdogo kuliko wa mwenye ng'ombe. Kitita cha nyasi ni kitita cha nyasi, na paa halimjui aliyekileta.

Ushahidi wa pili ni wa mwaka 1916. Majeshi ya Kiingereza yaliyoongozwa na Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland (Malawi ya leo), na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa, wa Rungwe kwa wa Kidugala. Kwa kipindi cha karibu miaka 10 vituo vya Moravian na vya Berlin vilikosa wenyewe. Waskoti wa misheni ya Livingstonia walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache mno kwa nchi pana kiasi hicho. Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920, walikuta sharika zinazokusanyika, zinazofundisha watoto na zenye wazee na walimu waliozoea kuamua mambo wenyewe. Vita ya Pili ya Dunia ilipoanza jambo hilo likajirudia, Wajerumani wakawekwa kizuizini tena, na sharika zikaendelea tena. Wanahistoria, hasa Marcia Wright katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu misheni za Kijerumani katika eneo hili, wameeleza vizuri jinsi uongozi wa Waafrika ulivyokua katika vipindi hivyo. Ninachoongeza mimi ni ushahidi wa paa. Nyumba ya matofali inaweza kusimama miaka 10 bila mtu. Kanisa la nyasi haliwezi. Kwa hiyo kila mahali ambapo mwaka 1925 kulikutwa kanisa dogo linalotumika, tunajua kwa hakika, hata bila waraka wowote, kwamba watu walikwenda kukata nyasi, wakagawana kazi na kuezeka upya, si mara moja, bila mmisionari kuwapo. Udhaifu wa jengo ndio unaotupa uhakika huo.

Ushahidi wa tatu unatoka Rungwe, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, pale Kanisa la Kitaifa la Kiafrika lilipoenea kutoka Nyasaland na kuwapokea wengi waliotengwa na misheni, wakiwamo waliooa wake wengi. Kanisa hilo halikuwa na bodi Ulaya, halikuwa na tanuri wala mafundi wa misheni. Hata hivyo lilianzisha sharika na shule, kwa sababu kila kitu kilichohitajika ili kuanza kilikuwa msituni, mbugani na mikononi mwa waumini. Kama kanisa lingekuwa ni jengo la matofali tu, uhuru wa aina hiyo usingewezekana. Elimu ya kuezeka ilikuwa imekwisha kumpa mwanakijiji uwezo wa kuwa na kanisa bila kuomba ruhusa ya mwenye fedha.

Nageukia pingamizi, na naanza na lililo zito zaidi. Inasemwa kwamba kuusifu usharika wa nyasi ni kuupamba umaskini, tena ni kuficha shuruti. Ni kweli kwamba waliokaa katika ardhi ya misheni walikuwa na masharti yao, na kazi ilikuwa mojawapo. Ni kweli pia kwamba zama zilezile serikali ya mkoloni ilidai kodi na kazi ya lazima, na mtu aliyekwisha kupoteza siku zake barabarani hakuwa na furaha ya kuitwa tena kukata nguzo za kanisa. Nayakubali yote hayo. Lakini tutenganishe kituo na kijiji. Shuruti ilikuwa na nguvu pale mmisionari alipokuwa mwenye ardhi. Katika vijiji vya mbali, mwendo wa siku moja au mbili kutoka kituoni, mwalimu hakuwa na askari wala ardhi. Watu wakikataa kuleta nyasi, kanisa lilianguka, na bila shaka yako yaliyoanguka hivyo. Yale yaliyosimama miaka 20 au 30 yalisimama kwa ridhaa iliyorudiwa mara nyingi. Kwa njia hiyo paa la nyasi lilikuwa kura ya kila msimu, na mtu aliyetaka kuupinga uongozi alikuwa na njia rahisi ya kufanya hivyo, yaani kukaa nyumbani.

Pingamizi la pili ni kwamba makanisa ya matofali nayo yalijengwa na Waafrika. Waliokanyaga udongo, waliochoma matofali na waliopasua mbao za Rungwe na Tosamaganga walikuwa watu wa hapa. Sina ubishi, na historia yao nayo inangoja mwandishi. Tofauti ninayoitazama mimi haiko katika siku ya kujenga, iko katika miaka inayofuata. Jengo la matofali linakusanya nguvu kubwa mara moja, kisha linawaruhusu watu kutawanyika. Jengo la nyasi linaomba kidogo, lakini haliachi kuomba. Zaidi ya hayo, tusidhani kwamba nyasi zilikuwa za makanisa madogo tu. Kanisa kuu la Namirembe, Kampala, lilikuwa la miti, matete na nyasi tangu mwanzo. Moja liliangushwa na dhoruba mwaka 1894, na hata lile la matofali lililokamilika mwaka 1904 liliezekwa kwa nyasi, likapigwa na radi na kuteketea mwaka 1910. Hili la sasa liliwekwa wakfu mwaka 1919. Waganda hawaihesabu historia ya kanisa lao kuanzia mwaka huo. Wanayahesabu majengo yote yaliyotangulia, la kwanza, la pili na la tatu, kila moja na mwaka wake. Sharika za Mbeya na Iringa zina sababu ileile ya kufanya hivyo.

Mfano wa Namirembe unatupeleka kwenye pingamizi la tatu, la moto. Paa la nyasi huungua, na mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipowaka, vituo vya misheni vya kusini vilionja moto huo, Peramiho ikiwa mfano unaojulikana. Anayelala chini ya bati hapaswi kumlaumu aliyelitamani. Hata hivyo katika hesabu ya hatari tukumbuke kwamba nchi hii imekaa mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko kubwa kabisa, mojawapo ya makubwa zaidi kurekodiwa Afrika, lilitokea upande wa Rukwa. Katika tetemeko la namna hiyo paa jepesi la fito na nyasi ni salama zaidi kuliko ukuta mzito usio na nondo. Sisemi turudi kwenye nyasi kwa sababu hiyo. Nasema kwamba wazee waliojenga kwa vifaa vyepesi hawakuwa watu wasiojua wafanyalo.

Na la nne: ikiwa paa la nyasi lilikuwa na faida hizo, kwa nini watu wenyewe waliliacha mara tu walipopata nafasi? Waliliacha kwa sababu za haki. Fedha ziliingia kwa njia ya kahawa ya Rungwe na Mbozi, pareto ya nyanda za baridi, mahindi ya Isimani, dhahabu ya Lupa na mishahara ya vijana waliokwenda Kopabelti au migodi ya Afrika Kusini kupitia Wenela, wakala wa kuandikisha wafanyakazi wa migodini. Bati lilikuwa alama ya heshima, na watu waliodharauliwa muda mrefu walikuwa na haki ya kuitaka heshima hiyo kwa nyumba ya Mungu wao. Serikali ya Kiingereza nayo, ilipoanza kutoa ruzuku kwa shule zilizotimiza masharti, iliyafanya majengo ya nyasi yaonekane duni mbele ya mkaguzi. Kisha nyasi zenyewe zikapungua. Mbuga zilizotoa nyasi za kuezekea zikawa mashamba ya chai huko Mufindi na Tukuyu, na misitu ya misonobari huko Sao Hill. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka walikozoea kukata miti na nyasi, na makanisa mengi yakabaki nyuma mahali pasipo na waumini. Leo mtu wa Mufindi anayetaka nyasi nzuri huenda akazikosa, ilhali bati liko dukani. Mabadiliko haya siyaombolezi. Ninachokataa ni hitimisho tunalolifanya baada yake, kwamba kilichokuwapo kabla ya bati hakikuwa historia.

Hitimisho hilo lina madhara yanayoonekana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa kipimo hicho misikiti na nyumba za mawe za pwani zinaingia, nalo ni jambo jema, lakini hakuna kanisa hata moja la Nyanda za Juu Kusini linaloingia, kwa kuwa la kwanza lilianza mwaka 1891. Waziri anaweza kuyatangaza majengo mengine, ila ili atangaze sharti liwepo jengo, nalo la nyasi halipo. Sharika zenyewe zimefuata njia hiyohiyo. Katika vijitabu vingi vya jubilei tunaona tarehe ya jiwe la msingi, jina la askofu aliyeliweka, mfadhili wa mabati na orodha ya wachungaji. Waliokata nyasi hawana ukurasa. Na kwa kuwa kazi ya nyasi na maji ilikuwa kwa sehemu kubwa ya wanawake, waliofutwa na mtindo huo wa kuandika ni wanawake kwanza. Michango ilipohama kutoka vitita kwenda shilingi, jina lililosomwa mbele likawa la mwenye kipato, na mama aliyeezekesha kanisa mara nne katika maisha yake akaingia kundi la waliopokea msaada.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wa usharika wa kawaida. La kwanza, kila usharika, ushirika na parokia ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe iandike orodha ya majengo yake yote, kuanzia la kwanza kabisa: lilisimama wapi, lilijengwa kwa miti gani, nyasi zilitoka mbuga ipi, liliezekwa upya mara ngapi, na nani alisimamia. Wazee waliozaliwa miaka ya 1930 na 1940 bado wako, lakini si wengi, na kazi hii haiwezi kusubiri jubilei ijayo. La pili, mwaka wa kuzaliwa kwa usharika uhesabiwe kuanzia paa la kwanza lililowekwa na waumini, hata kama lilikaa misimu mitatu tu. La tatu, vyuo vyetu vya hapa viwatume wanafunzi wa historia na wa ujenzi pamoja, kwa sababu mmoja atauliza majina na mwingine atauliza mafundo, na bila majibu ya wote wawili picha haitakamilika.

Lipo na fundisho la leo, nje ya uandishi wa historia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sharika zetu zimekuwa hodari wa kuchangia ujenzi, ila matengenezo yamekosa msimu wake, kwa sababu bati na tofali vimetuzoesha kudhani kazi imekwisha siku ya uzinduzi. Halafu baada ya miaka 30 dari inaanguka, na tunatafuta mfadhili. Waliotutangulia walijua kwamba nyumba ya ibada haimalizwi, na walipanga mwaka wao kwa kujua hivyo: mavuno, nyasi, paa, mvua. Usharika unaotaka kurithi nguvu yao hauna haja ya kurudisha nyasi. Unahitaji kurudisha msimu wa kazi ambapo kila kaya, yenye fedha na isiyo nazo, inaitwa kwa jina kulitunza jengo kwa mikono yake, na kila mchango unaandikwa kwa thamani moja. Tukifanya hivyo tutakuwa tumewaheshimu wajenzi wale kuliko kwa sifa zozote, kwa maana tutakuwa tumekubali kwamba walichokijenga kwa kweli ni watu wanaoweza kujitegemea, na kwamba kazi hiyo inaweza kuendelezwa.